Mtoto wa Tanga haulizwi kwa nini amevaa ushungi

Mwezi wa Shaabani ukishaandama, makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Kiislamu hujaa majalada ya vitabu vya watoto. Vingine vimechapwa Uingereza, vingine Marekani, vingine India. Karatasi nzito, rangi zinazong'aa, na mtoto anayetabasamu chini ya mwezi mwandamo. Maduka ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huviagiza kwa ajili ya Ramadhani, na bei ya kitabu kimoja inaweza kulipa ada ya madrasa ya mtaani kwa miezi kadhaa. Siku hizi zimeongezeka na PDF za Kiswahili, baadhi yake tafsiri za haraka, baadhi zikiwa na picha zilizotengenezwa kwa programu za akili mnemba. Wengi wanasema pengo limezibika, watoto wetu sasa wana vitabu vyao. Naona jambo hili tumelisoma vibaya. Kilichotufikia ni vitabu vizuri vilivyotungwa kujibu maswali ya watoto wengine. Tukivipokea kana kwamba ndivyo tulivyokuwa tukivisubiri, tutazidi kuchelewa kuandika vile ambavyo mtoto wa Tanga, wa Lamu, wa Ujiji au wa Mumias atajiona ndani yake pamoja na dini yake.

Waliovitunga tuwatendee haki kwanza. Islamic Foundation ya Leicester, Uingereza, taasisi ya Kiislamu iliyochapisha vitabu vya watoto, ilianzishwa mwaka 1973, katika mji uliokuwa umepokea familia nyingi za Bara Hindi, zikiwemo za Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Mtoto wa familia hizo alikuwa akirudi kutoka shule akiwa na Kiingereza ambacho mama yake hakukimiliki, na maswali ambayo baba yake hakuwahi kuulizwa alipokuwa mdogo. Kumwandikia mtoto yule dini kwa Kiingereza ilikuwa kazi ya kumwokoa. Marekani nako, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, watoto wa Kiislamu walijikuta wakidaiwa maelezo ya mambo ambayo hata hawakuwa wamezaliwa yalipotokea, na mwaka 2016 kampuni ya Simon & Schuster ikaanzisha tawi la Salaam Reads kwa vitabu vya watoto na vijana vyenye wahusika Waislamu. Hoja iliyobeba jitihada za namna hii Marekani ni ya Profesa Rudine Sims Bishop, aliyeandika mwaka 1990 kwamba kitabu humfaa mtoto kikiwa dirisha la kuwaona wengine, na pia kikiwa kioo cha kujiona mwenyewe. Yeye alikuwa akiwatetea kwanza watoto weusi wa nchi ile, na wazazi wa Kiislamu waliiona hoja hiyo kuwa yao pia. Siipingi hata kidogo. Ninachouliza ni kioo hicho kimetengenezwa kwa kipimo cha uso wa nani.

Mwaka jana nilikaa barazani na binti wa ndugu yangu, ana miaka mitano, nikimsomea kimoja cha vitabu hivyo huku nikimfasiria. Msichana kwenye hadithi anakwenda shule siku ya kwanza na ushungi wake, wenzake wanamshangaa, mmoja anamwuliza kwa nini amejifunika kichwa, naye anatafuta ujasiri wa kujibu. Mwanangu huyu alisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Baba mdogo, kwani huyo mwenzake hajawahi kuona ushungi?" Nikakosa la kusema. Darasani kwao nusu ya watoto wamevaa ushungi, na jirani yao Mkristo, ambaye ndiye rafiki yake mkubwa, ameuona tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Hadithi nzima ilisimama juu ya jambo ambalo kwake halina uzito wowote, na katika kurasa zake zote halikuwamo hata swali moja kati ya yale anayoniuliza kila nikienda Tanga. Huuliza kwa nini bibi anasoma maulidi na mjomba hatii mguu. Huuliza kwa nini mtaa wa pili walikula Iddi jana. Huuliza kama mwalimu wa chuo akichapa, Mungu anafurahi. Na aliwahi kuuliza kama mtu ambaye hana nguo mpya anaruhusiwa kwenda kuswali Iddi.

Vitabu vingi vya ughaibuni vina fundisho moja ambalo halijaandikwa popote ndani yake: kuwa Mwislamu ni kuwa tofauti na kila anayekuzunguka, na kwamba tofauti hiyo inahitaji maelezo na ujasiri. Kwa mtoto wa Chicago hilo ni kweli na ni dawa. Kwa mtoto wa Tanga ni kumpa jeraha asilokuwa nalo kisha kumfunga bendeji. Anajifunza kujitazama kwa macho ya mtu anayemshangaa, wakati mtu huyo hayupo mtaani kwake.

Najua jibu nitakalopewa, na ndilo lenye nguvu kuliko yote: Afrika Mashariki yote si Tanga. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwaonyesha Waislamu kuwa karibu asilimia 11 ya wananchi. Mtoto wa Kiislamu wa Nakuru au Kisumu anaweza kweli kuwa peke yake darasani, akaulizwa kwa nini hali mchana mwezi mzima. Nakubali. Lakini hata huko, tazama anayeuliza ni nani. Ni mtoto anayezungumza naye lugha moja ya mtaani, anayechota maji bomba lilelile, na mara nyingi ni binamu yake. Huku kwetu ni jambo la kawaida kukuta nyumba moja ina shangazi anayekwenda kanisani na baba mkubwa anayekwenda msikitini, sahani za pilau zikivuka uchochoro siku ya Iddi na kurudi na keki siku ya Krismasi. Swali la mtoto huyu lina joto la kifamilia ndani yake: shangazi ananipenda, mbona haswali kama sisi, na je, nile kwake? Mwandishi wa Leicester hajaliandika kwa sababu si lake. Likiandikwa, litaandikwa na mtu wa Mumias au wa Bukoba aliyekulia ndani ya nyumba ya namna hiyo.

Hoja nyingine husemwa kwa kujiamini sana ingawa ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasema Uislamu ni mmoja, udhu ni uleule, swala ni ileile, basi kitabu cha popote kinatosha. Ingekuwa sahihi kama kitabu cha picha kingekuwa kitabu cha fiqhi, yaani sheria za ibada, kilichopunguzwa maneno. Sivyo kilivyo. Nguzo ni zilezile duniani kote, lakini mtoto wa miaka minne hakutani na nguzo. Anakutana na kopo la maji, mkeka, harufu ya udi Alhamisi jioni, na mkono wa bibi unaomvuta asipite mbele ya mtu anayeswali. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwafundisha watoto kwa kuwatoa walipo. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwake, anasimulia katika vitabu vya hadithi za Mtume vya Bukhari na Muslim kwamba mkono wake ulikuwa ukizunguka kwenye sahani, akaambiwa: "Ewe kijana, taja jina la Allah, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako." Somo hilo lilitolewa pale pale kwenye chakula, juu ya mkono uleule uliokuwa ukizurura. Kuna pia Abu Umayr, mtoto aliyefiwa na ndege wake mdogo, ambaye Mtume alikuwa akimwuliza amefanya nini yule ndege. Kama dini ingefundishwa kwa mtoto bila kujali amekalia nini na anachezea nini, hadithi hizi mbili zisingekuwa na maana. Sinia la watu sita sakafuni, kila mmoja na upande wake, ni darasa kamili la maneno "kula kilicho mbele yako". Katika kitabu ambacho kila mtoto ana sahani yake mezani, maneno yaleyale yanabaki bila mwili.

Tena sisi si watu tulioanza kuandika jana. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi akiwa mgonjwa, akamfunga ndani ya beti dini, adabu ya ulimi, usafi wa nyumba na namna ya kukaa na watu, bila kutenganisha ibada na maisha ya kila siku. Mnamo 1930 na 1932 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa magazeti mawili Mombasa, Sahifa kisha al-Islah, na akaandika masomo ya dini kwa Kiswahili wakati ambapo kuiandika elimu hiyo kwa lugha ya nyumbani hakukuwa jambo la kawaida. Mwaka 1969 tafsiri kamili ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitoka Nairobi, na hadi leo imo katika kabati za nyumba nyingi. Ukifuata mstari huo utaona binti aliyekua ameandikiwa, mwanafunzi ameandikiwa, mtu mzima ameandikiwa. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hakuandikiwa, na sababu haikuwa dharau. Huyo alikuwa na bibi. Bibi ndiye aliyekuwa kitabu chake, na picha zake zilikuwa uani, jikoni na barazani.

Bibi huyo sasa yuko Tanga na mjukuu yuko Mbagala au Eastleigh, kwenye vyumba viwili, mama anarudi kazini saa moja usiku na baba saa tatu. Kitabu cha picha, tukikifikiria sawasawa, kinakuja kukaa mahali pa bibi kwa dakika kumi kabla ya kulala. Hapo ndipo suala la lugha linapokuwa zito kuliko tunavyodhani. Kitabu cha namna hii husomwa na watu wawili, mmoja anayejua herufi na mwingine anayejua kusikiliza, na lugha yake lazima iwe ya yule mkubwa kwanza. Mama aliyemaliza darasa la saba akipewa kitabu cha Kiingereza, hata kikiwa na kurasa 32 zenye sentensi mojamoja, anafungiwa mlango ndani ya nyumba yake. Atamwachia mtoto aangalie picha peke yake, au atasubiri kaka mkubwa atoke shule. Dini inageuka kuwa kitu cha wenye Kiingereza, na mama, ambaye ndiye mwalimu wa kwanza, anakaa kando ananyamaza. Nimesikia wakisema kwamba Kiingereza kitamsaidia mtoto shuleni. Huenda, ila hiyo ni kazi ya shule. Sioni kwa nini swala ya mtoto ibebeshwe mzigo wa somo la Kiingereza.

Tafsiri basi? Tafsiri nzuri ni neema, na zipo chache. Nyingi nilizosoma zina Kiswahili ambacho hakuna mama amewahi kukitamka. "Mimi humshukuru Allah kwa ajili ya chakula changu kitamu" ni sentensi iliyosimama kama mgeni mlangoni. Mtoto wa kwetu akishiba husema "alhamdulillahi, nimeshiba," akaondoka. Mtoto kwenye PDF hizi anaingia kwa bibi yake na kusema "asalaam aleikum" peke yake, wakati huku anasema salamu hiyo kisha anaongeza shikamoo, na bibi anaitikia zote mbili. Futari yake ni sambusa na juisi ya rangi, haina uji wa pilipili manga, wala magimbi, wala kaimati. Msikiti ni wa kuba la dhahabu na minara minne, hata pale ambapo mwandishi ni mtu wa Kigoma ambaye msikiti wake una bati na ukuta wa chokaa. Hizi programu za kuchora picha ndizo zimelizidisha tatizo. Ukiziambia zichore mtoto wa Kiislamu akienda kuswali, zinakuchorea jangwa na taa za nchi za Ghuba, kwa sababu ndizo picha zilizojaa humo. Naye mtoto anajifunza, bila yeyote kumwambia, kwamba Uislamu wenyewe uko mahali pengine na hapa kwetu umekuja kutembea tu.

Kuna ndugu wanaosimama kwenye suala la picha zenyewe, na sitalipita kama upuuzi kwa sababu hadithi zinazowakemea watengeneza sura ni sahihi na Imamu Nawawi, ambaye madhehebu yetu ya Kishafii yanamtegemea sana, alikuwa mkali katika hilo. Lakini upande wa pili una ushahidi wake. Bibi Aisha alikuwa na wanasesere, na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya farasi wake mwenye mabawa ya vitambaa, ambaye Mtume alipomwona na kumsikia Aisha akimtetea kwa farasi wa Nabii Suleiman, alicheka mpaka magego yakaonekana. Wanazuoni wengi wakavitoa vichezeo vya watoto katika katazo. Mitume wenyewe hawachorwi, na hapo hatuna mjadala. Anayetaka kujitenga kabisa na nyuso nampa haki yake, tena nadhani yeye ndiye anaweza kutupatia vitabu vizuri kuliko vya wengine, maana pwani hii imepamba milango, mikeka na nguo kwa karne nyingi bila kuhitaji sura ya mtu. Tazama kanga: ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa. Ukurasa wa kitabu cha mtoto unahitaji vitu hivyohivyo vitatu, ukingo wa kuuzunguka, kitu kimoja kikubwa katikati, na maneno machache ya kukumbukwa. Mikono miwili ikimwaga maji ya udhu, miguu midogo kwenye mkeka wa ukili, mgongo wa babu aliyesujudu na mjukuu juu yake. Mchoraji anayejua kusuka mkeka kwa macho angefanya maajabu hapo.

Woga mwingine sijausikia ukisemwa hadharani, ila nadhani ndio unaowazuia waandishi. Ukiandika kitabu cha ughaibuni unaweza kukwepa migogoro. Ukiandika cha hapa utaulizwa upo upande gani. Maulidi utayaweka? Dua ya kunuti alfajiri? Utaandika Mungu au Allah? Utafuata mwezi ulioandama wapi? Kitabu kilichoagizwa hakina maadui mtaani, na ndiyo maana mwalimu wa madrasa anakikubali haraka. Naelewa, lakini nadhani tunawanyima watoto kitu kikubwa kwa ajili ya amani yetu wakubwa. Mtoto anaziona tofauti hizo kila siku. Anamwona babu akiinua mikono alfajiri na baba akiiacha chini, na anahitaji mtu wa kumwonyesha kwamba hawa wawili wanapendana na wanakula pamoja. Kitabu kimoja si fatwa. Kinaweza kuwa cha nyumba inayosoma maulidi, kingine cha nyumba isiyosoma, vikakaa rafu moja kama familia hizo zinavyokaa mtaa mmoja.

Pesa ni kikwazo cha kweli. Uchapaji wa rangi una gharama, na mchapishaji hatoi nakala elfu kadhaa za kitabu ambacho hajui atamuuzia nani. Hapa tuna mfano wa karibu: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulikuwa ukimhakikishia mchapishaji ununuzi wa sehemu ya nakala ili zipelekwe shuleni, na kwa njia hiyo vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilizaliwa ambavyo soko peke yake lisingevizaa. Waislamu tuna chombo cha kufanya hivyo chenye umri mkubwa kuliko mradi wowote, nacho ni wakfu. Watu wanaweka wakfu visima, misikiti, mashamba, misahafu. Kitabu cha mtoto kilichonunuliwa nakala mia tatu na msikiti mmoja, kikagawiwa madrasa za mtaa na kuruhusiwa kwenda nyumbani kila Alhamisi, ni sadaka yenye kuendelea bila shaka yoyote. Misikiti kumi ikikubaliana kabla ya uchapaji, mchapishaji ana nakala elfu tatu ambazo haogopi kuzichapa. Kuna pia maktaba huria za mtandaoni kama African Storybook na StoryWeaver, ambazo zinaruhusu hadithi na michoro yake kutumiwa upya kwa kumtaja mwenyewe, na kati ya michoro hiyo wamo watoto wengi wa Kiafrika na nyumba za Kiafrika. Mwalimu wa chuo mwenye simu na subira anaweza kuanzia humo, badala ya kuomba programu imchoree Ghuba.

Vile vya Leicester na New York vibaki rafuni. Vina watoto wa Waswahili vinaowafaa hasa, wale walioko Uingereza, Marekani na Kanada, ambao kweli wanaulizwa habari ya ushungi na kweli wanahitaji ujasiri. Hao nao wangefaidika na vyetu, maana bibi wa Tanga akisoma kwa simu na mjukuu aliyeko Toronto akasikiliza, hawahitaji tena mfasiri kati yao.

Kama ningeombwa kuchagua cha kwanza, ningeomba kitabu cha usiku wa mwisho wa Ramadhani. Nguo mpya zimetundikwa kwenye msumari, mama ameshakuna nazi lakini hajui apike daku au apike pilau, baba ameshika redio, na mtoto anatoka uani mara kumi kutazama mawingu. Mwezi haujaonekana. Kisha saa nne usiku mtu anapita mtaani akipiga kelele kwamba umeonekana, na jirani wa upande wa pili anasema wao bado. Binti wa ndugu yangu ameyaishi hayo mara mbili, na mara zote mbili alilala na viatu vipya miguuni.